"AMD si ya gemu": kabla hujaiuza prosesa yako

*"Shikamoo fundi. Nipo Mwanza. Nina mashine niliyoijenga mwenyewe mwaka jana: Ryzen 5 5500 ya AMD, kadi ya michoro RX 6600, RAM GB 16 stiki moja, SSD. Jirani yangu ana Core i5-12400F ya Intel, kadi kama yangu, RAM GB 16 vilevile. Tukicheza Cyberpunk 2077 kwa mipangilio ileile tunalingana, sote tuko kwenye fremu 60 na kitu kwa sekunde. Lakini kwenye Counter-Strike 2 yeye anapita 220 na mimi nahangaika kwenye 130, tena watu wakianza kutupa moshi picha inakwama kidogo ndipo iendelee. Fundi wa dukani kaniambia gemu zinatengenezwa kwa ajili ya Intel, AMD ni ya kazi za ofisi, niuze nichukue Intel. Mwingine anasema kampuni za gemu hulipwa. Ni kweli? Niuze?"*

Marahaba, mdogo wangu. Usiuze. Angalau si wiki hii, na si kwa sababu uliyopewa. Sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe, kwenye maneno mawili uliyoyapita haraka kana kwamba hayana uzito: "stiki moja". Nitafika huko. Naelewa kinachokuuma. Umetoa hela, umefunga nati kwa mkono wako, halafu jirani mwenye kadi ileile anakuacha mbali, basi unaanza kuhisi ulipigwa. Hujapigwa. Ila kuna jambo moja kuhusu hiyo namba 5500 ambalo muuzaji hakukuambia, na hilo nalo nitalisema.

Kwanza la fundi wa dukani. Intel na AMD zinasoma lugha moja ya maagizo, x86, ndiyo maana faili lilelile la gemu linafunguka kwako na kwa jirani bila kubadilishwa chochote. Tena toleo la biti 64 la lugha hiyo, linalotumiwa na gemu zote kubwa za sasa, lilibuniwa na AMD. Lilifika sokoni mwaka 2003 kwenye prosesa za Opteron, na Intel ikalifuata baadaye. Ukitaka kumuonyesha mtu, mwambie jirani afungue folda ya Windows, aingie WinSxS. Atakuta majina chungu nzima yanayoanza na "amd64", humohumo kwenye mashine yake ya Intel. Folda hiyo imeshanimalizia mabishano mawili ya kijiweni.

Halafu angalia sebuleni. PlayStation 4 na Xbox One za mwaka 2013, PlayStation 5 na Xbox Series za mwaka 2020, zote zina prosesa za AMD ndani. Studio inayotengeneza gemu kubwa leo ina AMD mezani, itake isitake. Ila usikimbilie kushangilia upande wa pili, maana hata hilo halimaanishi kwamba AMD itashinda kwenye kompyuta. Nembo haiingii kwenye hesabu namna hiyo.

La malipo lina ukweli nusu. Mikataba ipo, na nembo unaziona gemu linapofunguka. Mara nyingi inahusu matangazo na mbinu fulani za michoro. Sasa chukua Starfield, iliyotoka Septemba 2023 ikiwa na AMD kama mshirika rasmi upande wa kompyuta. Vipimo vya siku zile za kwanza vilionyesha prosesa za Intel za kizazi cha 13 zikiongoza, hata mbele ya Ryzen 7 7800X3D iliyokuwa ikisifiwa kuliko zote kwa gemu. Kama hela ndiyo ingeamua, AMD ingedai irudishiwe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kila fremu, yaani picha moja ya gemu unayoiona, hupitia mikono miwili. Prosesa hukokotoa dunia ya gemu: nani yuko wapi, risasi imepita wapi, moshi unatawanyikaje, sauti inatoka upande gani. Kisha huandika orodha ya vitu vya kuchorwa na kuikabidhi kadi, nayo kadi huchora. Fremu haitoki hadi wote wawili wamemaliza, kwa hiyo kasi unayoiona ni ya yule aliyechelewa.

Cyberpunk ni mzigo wa kadi. Taa, vioo, mvua kwenye lami, RX 6600 inatoka jasho na prosesa zenu zote mbili zinaisubiri. Hapo hata ungefunga prosesa ya bei mara tatu, namba ingebaki palepale kwenye 60 na kitu. Counter-Strike 2 ni kinyume chake. Picha yake ni nyepesi kwa kadi kama hiyo, inachora na kukaa kusubiri prosesa ilete orodha nyingine. Ukitaka fremu 220 kwa sekunde, prosesa ina milisekunde nne na nusu tu za kumaliza kila orodha. Kwenye fremu 60 ina karibu milisekunde 17. Ndiyo maana tofauti yenu inajitokeza gemu moja na kujificha jingine.

Usiniamini mimi, pima. Fungua Counter-Strike, teremsha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ucheze raundi mbili. Fremu zikibaki kwenye 130 ileile, kadi haina hatia, anayekubana ni prosesa. Fanya hivyohivyo kwenye Cyberpunk na utaona namba inapanda, kwa sababu huko umeipunguzia kadi mzigo.

Basi kwa nini prosesa yako imechelewa kuliko ya jirani, na zote zina viini sita (sehemu zinazokokotoa) na nyuzi kumi na mbili (kazi inazoshika kwa wakati mmoja)? Hapa ndipo watu wengi hutazama gigahertzi na kupotea. Yako inafika 4.2, yake 4.4. Tofauti hiyo ndogo haiwezi kuzaa pengo la fremu tisini.

Fikiria fundi gereji aliyelala chini ya gari. Spana iliyo mkononi anaitumia papo hapo. Iliyo kwenye boksi kando yake, ananyoosha mkono. Isipokuwepo hata hapo, inabidi amtume dogo dukani, na wakati dogo anakwenda na kurudi, fundi amelala anaangalia mafuta yanadondoka. Haijalishi ana mikono myepesi kiasi gani.

Prosesa iko hivyohivyo. Karibu kabisa na viini kuna kumbukumbu ndogo yenye kasi sana, inaitwa kashe, imepangwa kwa ngazi tatu. Tuchukulie kila mpigo wa saa ya prosesa ni sekunde moja. Kupata kitu kwenye kashe ya ngazi ya kwanza kunachukua kama sekunde nne. Ngazi ya tatu, chini kidogo ya dakika moja. Kisipokuwepo huko kote, lazima kiagizwe kutoka RAM, na kwa prosesa kama yako hiyo ni dakika tano na ushee. Gemu la kupigana risasi, lenye wachezaji kumi, silaha, ramani na moshi, linarukaruka kutoka kitu hiki kwenda kile bila mpangilio unaotabirika, kwa hiyo safari za dukani ni nyingi. Programu ya kubana video husoma data kwa mstari ulionyooka, na prosesa inajua kitakachofuata na kukileta mapema. Ndiyo maana prosesa inaweza kutamba kwenye kazi moja na kudoda kwenye nyingine.

Sasa lile la namba 5500. Jina linakufanya uone ni 5600 iliyopunguzwa kidogo. Sivyo. Ryzen 5 5600 ina MB 32 za kashe ya ngazi ya tatu, na 5500 ina 16, kwa sababu imetokana na chipu iliyosanifiwa kwa ajili ya laptop. Viini ni vya aina ileile, Zen 3, idadi ileile, ila boksi la spana ni nusu. I5 ya jirani ina MB 18 kwenye ngazi ya tatu, na zaidi ya hapo kila kiini chake kina MB 1.25 za ngazi ya pili, wakati vya kwako vina nusu MB kila kimoja. Kwa hiyo yeye hutuma dogo dukani mara chache kuliko wewe. Mtego huohuo uko kwenye 5600G na Ryzen 7 5700 isiyo na herufi X: MB 16. Na ukitaka kujua kashe inaweza kufanya nini, AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D Aprili 2022 iliibandikia kashe ya ziada juu ya chipu hadi ikafika MB 96. Saa yake ilikuwa ya taratibu kuliko 5800X ya kawaida, na bado iliipita kwenye gemu nyingi. Kwenye kazi za kawaida mara nyingine ilikuwa nyuma.

Umeona basi: 5500 na 5800X3D zote ni AMD, na pengo kati yake kwenye Counter-Strike linaweza kuwa kubwa kuliko pengo lako na la jirani.

Turudi kwenye stiki moja. Prosesa yako ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, na kila njia inataka stiki yake. Ukiweka stiki moja ya GB 16, ujazo umetimia lakini njia moja imefungwa, madogo wote wanapanga foleni mlango mmoja. Prosesa yenye kashe kubwa ingevumilia. Yako, inayotuma dogo kila mara, inaumia zaidi kuliko yoyote. Na mikwamo ile ya moshi nadhani inatoka hukuhuku: ghafla data nyingi mpya inatakiwa kwa pamoja, mlango ni mmoja, fremu moja inachelewa mara tano ya zile za kabla yake, na jicho lako linaiona.

Kuna la pili. Fungua Task Manager, nenda kwenye Performance, bonyeza Memory, usome kasi. Stiki nyingi zinazouzwa kwa jina la 3200 huwaka kwenye 2133, 2400 au 2666 mpaka uingie BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, na kuwasha XMP, chaguo linaloipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi lake (mazabodi nyingine, yaani bodi kuu, huiita DOCP). Nimeshafungua mashine za vijana waliocheza miaka miwili kwenye 2400 huku boksi la RAM la 3200 wamelihifadhi kabatini. Kwa Ryzen hili linauma mara mbili, kwa sababu njia ya ndani inayounganisha viini na kidhibiti cha RAM kwa kawaida hutembea sambamba na RAM: RAM ya 3200 inaipeleka kwenye megahertzi 1600, ya 2400 inaishusha hadi 1200. Intel huwa haibanwi kwa namna hiyo. Hii ni tofauti halali ya chapa, na ni ya bure kuirekebisha.

Sitaki nikudanganye kwamba chapa haijawahi kuwa na kosa. Imewahi, mara kadhaa. Zamani kompaila ya Intel, ile programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, ilikuwa ikichungulia jina la mtengenezaji. Ikikuta si Intel, programu hupelekwa njia ya polepole hata kama prosesa inaiweza ile ya haraka. Jambo hilo likaingia kwenye kesi. Intel iliilipa AMD dola bilioni 1.25 mwaka 2009 kumaliza ugomvi wao mpana, na mwaka 2010 ikakubaliana na tume ya biashara ya Marekani masharti yaliyogusa kompaila hiyo. Nadhani nusu ya maneno ya fundi wako yametokea huko, yamezeeka tu.

Hata hiyo Cyberpunk yenu ina kisa. Ilipotoka Desemba 2020, wenye Ryzen waligundua nusu ya nyuzi zimelala. Mtu mmoja akafungua faili la gemu kwa programu ya kuhariri baiti, akabadilisha baiti moja tu, 75 ikawa EB, na fremu zikapanda. 75 ni agizo la "ruka kama hailingani", EB ni "ruka tu". Gemu lilikuwa linauliza kama prosesa ni ya AMD, na ikiwa ni AMD lakini si ya familia fulani ya zamani, linahesabu viini halisi peke yake. Kichekesho ni kwamba kipande hicho cha msimbo kilitokana na maktaba ya mifano ya AMD yenyewe. Sasisho la 1.05, mwezi uleule, likarekebisha kwa Ryzen za viini vinne na sita, yaani jamii ya kwako.

Intel nayo haikusalimika. Kizazi cha 12 kilipotoka Novemba 2021 kikiwa na viini vikubwa na vidogo pamoja, gemu zaidi ya hamsini zilisumbua, kwa sababu mfumo wa kuzuia wizi wa gemu uliviona vile vidogo kama kompyuta nyingine. Dawa ya muda ilikuwa kuwasha chaguo kwenye BIOS halafu kubonyeza Scroll Lock. Nilifurahi kuona kitufe hicho kimepata ajira. (I5-12400F ya jirani yako haina viini vidogo, hilo halimhusu.) Na mwezi mmoja kabla, Windows 11 ilitoka na hitilafu iliyoipunguzia AMD kasi ya kashe ya ngazi ya tatu, gemu za mashindano zikashuka hadi asilimia 15, ikarekebishwa ndani ya wiki chache. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilijaribu AMD ikanisumbua", huenda anasema kweli tupu. Muulize tu ilikuwa mwezi gani, mwaka gani.

Ufanyeje? Anza na visivyo na gharama: XMP, draiva ya chipseti kutoka kwa AMD, na kuhakikisha Windows haiko kwenye mpango wa kubana umeme. Kisha tafuta stiki ya pili inayofanana na yako, ujazo uleule, kasi ileile, ikiwezekana toleo lilelile, uichomeke kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa kama mazabodi ina matundu manne. Wengi huzichomeka mbilimbili jirani na kubaki njia moja bila kujua. Nategemea umkaribie jirani na mikwamo ipungue sana. Kumfikia kabisa, sidhani.

Usiporidhika, mazabodi yako ya AM4 (jina la aina ya soketi ya prosesa) inapokea prosesa nyingi. 5600 ni hatua ndogo yenye kashe mara mbili. 5700X3D yenye MB 96 ni mruko mkubwa, ila zinazidi kuadimika na bei zake hazina adabu. Kuhamia Intel kunamaanisha prosesa na mazabodi pia. RAM unaweza kuokoa ukipata mazabodi ya DDR4, aina ya RAM uliyonayo. Kama mazabodi yako ingekuwa imeharibika, ningekwambia i5-12400F ni chaguo zuri, nenda nayo. Haijaharibika. Na wala usidanganywe kuruka kwenye Core i7 au i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizokwisha kutumika bila kuuliza historia yake: zilipata tatizo la umeme mwingi lililozichosha, Intel ikatoa sasisho Agosti 2024 na kuongeza dhamana, lakini chipu iliyokwisha kuumia haiponi kwa sasisho.

Kuna vitu viwili nisingependa ufanye peke yako. Kimoja ni kusasisha BIOS bila UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati, mazabodi inageuka tofali, na kuifufua mara nyingi kunahitaji kifaa maalumu. Kingine ni kung'oa prosesa, ukifika huko. AM4 ina pini kwenye chipu yenyewe, na pesti ya joto ikikauka, hitsinki (chuma cha kuipoza) inaweza kupanda na prosesa imening'inia chini yake. Mimi nimeshafanya hivyo kwa mashine ya mteja, nikatumia saa nzima nanyoosha pini kwa ncha ya penseli ya risasi za kusukuma, jasho linanitoka na mwenyewe amesimama mlangoni. Iwashe kwanza ipate joto, izime, uchomoe waya, zungusha hitsinki kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinua. Kama huna uzoefu, mpelekee fundi akufanyie ukiwa unatazama. Mpelekee pia, bila kusubiri, kama joto la prosesa linagonga nyuzi 90 na kukaa hapo, mashine inajizima katikati ya mchezo, au unasikia harufu ya kuungua kwenye pawasaplai. Hayo si ya kubahatisha kwa kusoma.

Ukishawasha XMP na kuweka stiki ya pili, cheza ramani ileile, pima namna ileile, uniandikie namba zote mbili. Na uniambie monita yako ni ya hertzi ngapi, hukuitaja. Kama ni ya 60, hizo 130 zako tayari ni zaidi ya mara mbili ya inachoweza kukuonyesha, na kilichobaki cha kupigania ni ile mikwamo ya moshi tu.